Jina Kwenye Kadi ya Dawa

Kijijini, Dongobesh
Jumapili, 14 Mei 1995

Mdogo wangu Tadeo,

Pokea salamu zetu. Mvua imetosha, mahindi yananipita kichwa, na yule ng'ombe mwekundu amezaa dume. Wanao wako kwangu tangu ulipoondoka Pasaka. Scolastica amekuwa wa nne darasani. Yoakimu bado anakojoa kitandani na kila asubuhi anasingizia paka. Sitakuandikia kwamba sote wazima, kwa sababu si wote.

Unakumbuka tulipozika kile kichanga mwezi wa kwanza, wazee walimweka mkeo Vere kwenye metimani. Miezi mitatu asitoke, asipite shambani kwa mtu, asichangie na watu moto wala chombo, mpaka msiba upoe. Padre hapendi, lakini kwetu ndivyo ilivyo, na wewe mwenyewe uliitikia. Wiki moja kabla ya Pasaka mzee Akonaay alikuja akasema muda umekwisha, tukafanya yanayofanywa, tukafungua mlango. Vere hakutoka.

Hajatoka kwa hiari mpaka leo. Anakaa ameelekea ukuta. Nikimwekea chakula anakula vijiko viwili ili niondoke. Haogi nisipomwogesha. Halii, Tadeo, afadhali angelia. Nikimuuliza unaumwa wapi, anasema, "Wifi, nimechoka." Majirani wanamsifu, wanasema mke wa Tadeo anashika mila kuliko bibi zetu. Mimi ninayemwogesha najua si mila.

Nimempeleka zahanati mara mbili. Mara zote wameandika malaria, wakampa klorokwini. Basi nikaenda peke yangu hospitali ya serikali kumweleza mtu anayejua. Kuna muuguzi wa magonjwa ya akili, anaitwa Nikolausi, anakuja Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sijalizoea. Akasema huo ni ugonjwa, unaitwa sonona, na dawa yake ipo, ila lazima amwone mgonjwa mwenyewe, na dawa zenyewe ni za kumeza miezi mingi. Tangu mwaka huu hospitali wagonjwa wanachangia gharama, na sisi hatuwezi kuchangia kila mwezi. Lakini wagonjwa wa namna hii wanasamehewa wakileta barua ya kijiji. Mwenyekiti Margwe amekubali kugonga mhuri, anataka kwanza sahihi ya mume. Karatasi iko ndani ya bahasha hii. Weka sahihi, uirudishe kwa dereva wa basi la Haydom, ananifahamu.

Kamba ya ng'ombe iliyokuwa inaning'inia nyumbani kwako nimeihamishia kwangu. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Dada yako,
Fransiska Bura


Kambi ya Shamba la Ngano, Hanang
20 Juni 1995

Dada Fransiska,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama pamoja na watoto. Mimi naendelea vizuri, namshukuru Mungu. Ngano imechanua vizuri upande huu wa Gehandu, ila kazi ni ngumu. Tangu Wakanada waliofadhili shamba waondoke spea hazipatikani, tuna kombaini tatu tunazichinja ili moja itembee. Meneja ameniambia mavuno yakienda vizuri nitakuwa fomeni. Naomba jambo hilo lisitangazwe kwanza.

Wafugaji nao hawatupi usingizi. Kuna mzee Gidahosh wa Gendabi, tangu asubuhi mpaka jioni amekaa kwenye uzio anaangalia shamba. Anasema baba yake amezikwa humo ndani. Hasemi zaidi, hafanyi fujo, amekaa tu. Nimempelekea maji mara mbili. Mtu anasikitisha.

Kuhusu Vere, nimesoma. Nadhani apewe muda. Mwanamke aliyepoteza mtoto hawezi kurudi kama zamani kwa siku moja. Nimemtumia kitenge na sabuni kwa mkono wa dereva. Mwambie avae, atachangamka.

Kuhusu karatasi, dada, nimeisoma. Imeandikwa "mgonjwa wa akili". Wewe unajua kwetu neno hilo likishagongwa mhuri halifutiki. Scolastica atakuja kuolewa, na watu watauliza mama yake alikuwa nani. Na hapa kambini barua za nyumbani husomwa na wengi. Naomba tuwe na subira. Nitakuja mwenyewe baada ya mavuno tuyazungumze.

Mdogo wako mtiifu,
Tadeo


Kijijini, Dongobesh
2 Julai 1995

Tadeo,

Kitenge kimefika. Ni kizuri, cha kijani. Nimemfunika nacho miguu, maana kukivaa hakuvaa.

Umenisifia subira. Subira ya nani? Wewe uko huko na kombaini. Mimi ndiye ninayemwinua asubuhi, nikimwachia mkono anarudi alipokuwa. Kwapani amebaki mifupa. Juzi Scolastica alimpelekea daftari lake aone alivyosahihishwa, mama yake akalishika juu chini muda mrefu, akamrudishia. Mtoto alikuja kwangu, akachambua maharage mpaka yakaisha. Unamhurumia Gidahosh aliyekaa kimya kwenye uzio, unampelekea na maji. Mkeo naye amekaa kimya, Tadeo, ila yeye humwoni kwa sababu kumwona kunadai sahihi.

Scolastica ana miaka tisa. Unamtafutia mama mwenye sifa nzuri, mimi namtafutia mama aliye hai. Mficha maradhi kilio humuumbua, na wewe ulifundishwa methali hiyo darasa moja na mimi, ukapigwa viboko kwa kutoikumbuka.

Basi sikiliza. Sahihi yako ibaki nayo. Nimeuza mbuzi wangu wawili, nitalipa mara hii ya kwanza kama watu wengine, angalau aonwe, mengine tutajua mbele. Gervasi amekubali kutupeleka na pikapu yake Jumatano ya tarehe 2 Agosti. Nakuarifu tu, sikuombi ruhusa.

Fransiska


Kambi ya Shamba la Ngano, Hanang
18 Julai 1995

Dada,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, mavuno yameanza na hakuna anayeruhusiwa kutoka kambini. Poleni na baridi.

Nimesikitishwa na maneno yako lakini nayapokea kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu. Usimpeleke Vere hospitali na pikapu ya Gervasi mchana kweupe, watu wote wa barabarani wakamwona anaongozwa. Suala hili nimelishughulikia kwa njia ya heshima, ili pasiwe na atakayeuliza kwa nini hatoki. Utaona mwenyewe. Tulia.

Mdogo wako,
Tadeo


Kijijini, Dongobesh
6 Agosti 1995

Tadeo Bura,

Nimeiona heshima yako. Ngoja nikusimulie ilivyofanya kazi, maana kuitazama kwa mbali huwezi kuifaidi.

Jumanne jioni Gervasi alikuja akasimama nje ya boma, mbali, akasema hawezi kumpakia Vere. Nikamuuliza hata kama nimelipa mafuta? Akasema mama Fransiska usinilaumu, nenda kwa mzee Akonaay. Nikaenda. Mzee akanisomea barua yako. Kumbe sahihi unayo, Tadeo. Kumbe na kalamu unayo, na stempu. Karatasi ya hospitali hukuipatia nafasi, lakini mzee Akonaay umemwandikia kurasa mbili kwamba mkeo alishika mimba ulipokuja Pasaka, mimba imeharibika, na kwa hiyo ameingia metimani upya, na unaomba wazee walinde mila ya baba zetu.

Nilimwambia mzee ni uongo, mimi ndiye ninayemfulia nguo, najua. Akasema mwenye mke ndiye anayejua. Alisema kwa upole, hana kosa. Nani atadanganya jambo kama hilo? Hata wapagani wa zamani hawakudanganya hilo.

Basi mtu wa metimani hapandi gari la mtu. Hapiti shambani kwa mtu, hata kijito wanachochota wengine havuki. Vijana niliowaomba wambebe kwa machela walikimbia. Nikamshika mkono nikatoka naye, tukazunguka kwa juu, ukingoni mwa msitu, pasipo na shamba la mtu. Njia ya nusu siku tumeitembea siku mbili, kwa sababu Vere kila hatua ishirini anakaa chini. Jioni tulijikunja chini ya kitenge chako. Mara moja tu alizungumza. Alisema, "Wifi, niache hapa, wewe una mahindi ya kupalilia." Mahindi yamekauka tangu mwezi wa saba. Hajui hata ni mwezi gani.

Tulifika Alhamisi. Nikolausi alikuwa ameshaondoka. Karani alikuwa na adabu, akasema njooni Jumatano ya kwanza ya mwezi wa tisa. Tukalala kwenye banda la wanaouguza, tukarudi njia ile ile.

Ulitaka pasiwe na atakayeuliza kwa nini hatoki. Hongera. Hakuna anayeuliza. Hakuna anayekuja. Hata Benedikta, shangazi yetu, ambaye alikuwa anamletea uji, sasa anauacha kwenye jiwe na kuondoka. Umemzika mtu anayepumua, na kijiji kizima kinakusifu kwa kushika mila.

Karatasi naituma tena. Mwandikie na Akonaay ukweli.

Fransiska


Kijijini, Dongobesh
10 Septemba 1995

Tadeo,

Hujajibu. Labda mavuno.

Jumatano ya tarehe 6 tulifika hospitali saa tatu asubuhi. Safari hii tuliondoka Jumapili baada ya giza kuingia, tukazunguka tena kwa juu. Vere ameonwa na Nikolausi. Ameanza kumeza vidonge, kimoja kila jioni. Dawa tumepewa bila kuchangia, na kila mwezi tutapewa hivyo hivyo.

Tumeipataje si kazi yako. Jina la mkeo halimo popote, na lako pia halimo. Heshima yako iko salama kama ngano ghalani.

Watoto wazima.

Fransiska


Kambi ya Shamba la Ngano, Hanang
22 Oktoba 1995

Dada yangu mpendwa Fransiska,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Huku habari si nzuri. Mavuno yalikuwa kidogo, kombaini zilisimama katikati ya shamba. Wanasema serikali itauza mashamba haya, na wafanyakazi watapunguzwa. Jina langu limo kwenye orodha ya kwanza. Ufomeni umeishia hapo. Nitarudi nyumbani mwezi wa kwanza na sanduku langu.

Lakini si hayo yaliyonifanya niandike. Mzee Akonaay ameniletea barua. Ameniambia kwamba kwa mwenyekiti Margwe imeandikwa na kugongwa mhuri kwamba Fransiska Bura, mjane, ni mgonjwa wa akili. Nilisoma mara tatu. Nikakaa kwenye tairi la trekta nikalia.

Dada, sasa nimeelewa. Yale maneno yote makali uliyoniandikia hayakuwa yako, yalikuwa maradhi. Nimekusamehe yote. Umefiwa na mume, umelea watoto wangu, umebeba mengi. Ningejua mapema nisingekujibu kwa ukali.

Kwa hiyo tumeshauriana na mzee, tukaona haya. Watoto wahamie kwa shangazi Benedikta, si kwa ubaya, ila kwa usalama wao. Na lile shamba la kando ya kijito ulilopewa na marehemu baba uliporudi mjane, nalichukua mimi nikija, maana mtu asiye na afya hawezi kusimamia ardhi, na mimi sitakuwa na kazi nyingine. Wewe utakula kwetu. Hutakosa kitu.

Pumzika dada. Usifikirie sana.

Mdogo wako akupendaye,
Tadeo


Kijijini, Dongobesh
12 Novemba 1995

Tadeo,

Nimeisoma barua yako nikacheka, halafu nikatoka nje nikapasua kuni mpaka mikono ikavimba. Naandika kwa mikono hiyo, usishangae mwandiko.

Nikueleze sasa, maana umeniuliza kwa namna yako. Mwisho wa mwezi wa nane nilikwenda kwa Margwe. Akaniambia tena, bila sahihi ya mume sigongi. Nikamuuliza, na mwanamke asiye na mume? Akasema huyo anajisemea mwenyewe. Nikamwambia, basi niandike mimi. Akaweka kalamu chini. Akasema mama Fransiska, wewe una akili kuliko kamati yangu yote. Nikamwambia andika. Akaandika, akagonga mhuri.

Hospitali nilimpa Nikolausi ile barua. Akasoma jina. Akanitazama mimi, akamtazama Vere aliyekuwa ameinamia magoti. Halafu akamuuliza Vere maswali, taratibu, moja moja, na kila jibu akaliandika kwenye kadi yenye jina langu. Alisema anaweza kufukuzwa kazi kwa hilo. Akaniambia hajui afanye nini kingine.

Basi mimi ndiye kichaa wa kijiji. Siri ya mhuri haikumaliza wiki. Akina mama wa kigango wamenivua uenyekiti, wamesema nipumzike, kama ulivyosema wewe. Nikisalimia mtoni wanaitikia haraka haraka kama wanaomjibu mlevi. Juzi niliuliza bei ya debe la mtama, muuzaji akamjibu mtu aliyesimama nyuma yangu. Mwanzoni nilidhani nitazoea. Sijazoea. Inaniuma, Tadeo, sikufichi. Nilikuwa mtu ambaye watu humwita wakigombana.

Ila sikia na haya. Wiki ya tano ya vidonge Vere alionja mboga akasema haina chumvi. Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Wiki iliyopita alimkamua yule ng'ombe mwekundu. Anaoga mwenyewe. Bado kuna siku anaelekea ukuta, Nikolausi amesema hizo zitakuwepo, asiache dawa kabla ya mwaka, akiacha itarudi mbaya zaidi. Kitenge cha kijani amekivaa Jumapili, ndani, akakaa nacho mlangoni.

Barua yako ameisoma yeye mwenyewe. Nilimpa. Alipomaliza aliikunja vizuri akaniambia nikuandikie maneno haya: kwamba miezi yote ile alikuwa anasikia. Ulipokuja Pasaka ukamwambia Akonaay mlangoni kwamba mke wako ni mvivu wa kupona, alisikia.

Sasa fikiri na akili zako nzima. Ukichukua shamba, nitaondoka hapa, sina cha kula kwa hisani yako. Nikiondoka, jina lililo kwenye kadi linaondoka nami, na dawa inakwenda na jina. Vere atabaki na wewe na ukuta wake. Au ukiwaambia wazee ukweli kwamba mimi si mgonjwa, kadi inafutwa siku hiyo hiyo. Njia nyingine ni moja tu, ni ile ya mwezi wa tano. Karatasi naiweka tena humu, ya tatu hii, Margwe ameiandika upya kwa mkono wake. Inasema Verediana, mke wa Tadeo Bura, ni mgonjwa na anahitaji dawa. Weka sahihi, nami nitarudishiwa jina langu. Nina miaka arobaini na sita. Nilitaka kuzeeka nalo.

Sikuombi kwa hasira. Nimechoka nayo. Nakuomba.

Dada yako,
Fransiska Bura


Kambi ya Shamba la Ngano, Hanang
10 Desemba 1995

Dada Fransiska,

Shikamoo. Natumaini mnaendelea vizuri na maandalizi ya Noeli. Huku mvua zimeanza, lakini mwaka huu hakuna anayejua kama tutapanda. Gidahosh ameingiza ng'ombe kwenye mabua na walinzi hawamfukuzi tena. Nimeshakabidhi spana na funguo za ghala. Nitafika kwa basi wiki ya pili ya mwezi wa kwanza.

Barua yako nimeipata, bahasha ikiwa imelowa na kufunguka pembeni. Nimeyafikiria uliyoandika. Shamba la kando ya kijito endelea kulilima, sitaligusa. Watoto wabaki kwako, shangazi Benedikta nimemwambia. Mzee Akonaay nimemwandikia kwamba muda wa Vere umekwisha, wamfungulie, na kwamba watu wasikusumbue wewe, maana ugonjwa si dhambi.

Ile karatasi uliyoitaja sikuikuta ndani. Nadhani ilidondoka njiani, unajua mabasi haya. Usihangaike kutuma nyingine.

Nimefurahi sana kusikia Vere amekamua. Mwambie namletea kitenge kingine. Na wewe dada, tunakuombea. Nakusihi sana, usiache kumeza dawa.

Mdogo wako,
Tadeo